Futa Mbele ya Macho Yangu

Asubuhi Jokébed alikuwa akiwasha mashini, ile kompyuta ya kazi, kwanza, kabla ya kufagia na kabla ya kutoa kibao nje. Alifagia, akatoa kibao, akavuka barabara kununua chai kwa mama wa mikate, akarudi, na mashini bado ilikuwa inazungusha kile kiduara chake kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. Wanafunzi waliokuja kuchapisha kazi zao walisimama kidogo, wakatazama kiduara, wakaenda kwa jirani.

"Mama mukubwa, hii mashini itatufukuzia batu bote," Christa alisema.

Christa alikuwa binti wa mdogo wake, na ndiye aliyekuwa akichapa. Jokébed hakusoma, kwao walisomeshwa wavulana, wasichana wakapewa jembe. Alijua kupanga karatasi, kutia wino, kuvuta kamba ya jenereta, na kumtambua kwa macho mteja atakayelipa na yule atakayesema atarudi kesho. Herufi alimwachia Christa. Lakini kile kibanda cha Kimemi, mtaa wa Butembo, kando ya shule, kilikuwa chake. Ndicho kitu pekee alichobaki nacho katika ndoa.

Mume wake Gracien ndiye aliyekifungua, zamani wakiwa watatu nyumbani: yeye, mke wake, na Abigaïl, mtoto pekee ambaye Mungu aliwapa. Kisha ikaja miaka ya Ebola. Abi alikuwa mwaka wa tatu wa shule ya msingi alipoanza homa. Gracien akampeleka katika kituo cha matibabu, ambako wagonjwa waliwekwa ndani ya vyumba vya plastiki inayoonyesha, na ndugu wakawasemesha kutoka nje. Jokébed hakwenda. Alikuwa ameandikwa kati ya waliomgusa jirani aliyeugua kwanza. Kila asubuhi vijana walikuja kumpima joto, wakamkataza kuvuka lango la kiwanja. Gracien peke yake ndiye aliyekwenda kusimama nje ya ile plastiki, na siku moja alirudi na filme aliyoipiga kwa simu yake. Abi alikuwa akisema na mama yake.

"Utaangalia?" alimuuliza.

"Sasa hapana," Jokébed alijibu. "Akirudi, tutaangalia naye."

Abi hakurudi. Walimzika watu waliovaa mavazi meupe, na mama yake akaona kaburi likiwa limeshafunikwa. Baada ya hapo ile filme ikawa kitu asichoweza kukigusa. Alijiambia ataiangalia matanga yakiisha. Yalipoisha alijiambia mwaka kesho. Na mwaka uliofuata Gracien alikuwa ameanza kwenda Oicha kununua kakao. Safari za siku chache zikawa za mwezi mzima, na mwishowe akatuma kaka yake aje kusema lile ambalo yeye mwenyewe hakuwa na mdomo wa kulisema: amepanga nyumba Beni, katika commune ya Ruwenzori, na ndani ya nyumba yumo mwanamke anayeitwa Eliane, na mwanamke huyo ana mimba.

Familia mbili ziliitana. Huko, mbele ya mashemeji na wazee wa kanisa, Gracien alisema neno ambalo Jokébed alilala nalo na kuamka nalo tangu siku hiyo. Alisema yeye hakukimbia mke. Alisema mke ndiye aliyeleta ugonjwa nyumbani, kwa kwenda kumuuguza jirani alipokatazwa, na kwamba nyumba ile haikuwa tena nyumba ya mtu kukaa. Hakuna aliyemkanya. Mchungaji aliangalia viatu vyake.

Gracien akaondoka na nguo zake na simu yake. Mashini aliiacha. Jokébed alifikiri: ameacha kilichozeeka, kama alivyoniacha mimi, na kizuri amekibeba. Na kizuri kilikuwa ile filme. Miaka hii yote aliamini kwamba Abi yuko Beni ndani ya mfuko wa mwanaume yule, na kwamba siku nyingine anamtoa na kumwonyesha Eliane. Kumwomba? Afadhali angekula udongo.

*

Fundi aliyeitwa na Christa alikuwa Éliakim, mwanaume mpole mwenye kucha safi, aliyetengeneza mashini za nusu ya Kimemi. Alikaa mbele ya ile mashini, akaisikiliza kwa sikio lake kama daktari, akatikisa kichwa.

"Mama Abi, mashini haina shida. Shida ni diski. Hii ni ya zamani, ndani kuko kisahani kinazunguka na kasindano kanasoma. Kalichoka. Tutatia ya kisasa, yenye haizunguke hata kidogo. Utaiwasha, utageuka tu kuangalia chai, utakuta ilishaamuka."

"Na kazi zetu?" Christa aliuliza. "Ile mitihani ya ba mwalimu, na mifano ya barua?"

"Nahamisha vyote sawa vile viko. Windows, programu, rangi ya ukuta, vyote. Mashini haitajua hata kama tuliibadilisha roho."

Jokébed alicheka kidogo. Wote waliendelea kumwita Mama Abi, miaka hii yote, na kila mara jina lile liligonga mahali pale pale.

Éliakim akatoa diski mpya, nyepesi kama kipande cha sabuni kilichobaki bafuni, akaiunganisha na mashini kwa waya mfupi. Akaangalia kwenye kioo. Akakuna shingo.

"Donc, kuko neno moja. Hii ya mupya iko mbio, mais iko ndogo, nusu ya ile. Na ile ya zamani imejaa. Vyote havitaingia. Lazima tuchague vyenye tutaacha." Akamgeuzia kioo. "Kuko session mbili. Hii yenu iko mwepesi. Hii ingine njo ilijaza nyumba. Iko ya Gracien."

Hakuhitaji kusomewa. Kila asubuhi, kiduara kikichoka kuzunguka, zilitokea picha mbili za mviringo: ua la Christa, na uso wa Gracien akicheka, amevaa kofia, nyuma yake milima. Kila asubuhi Jokébed alipita mbele ya meno ya mwanaume yule ili aingie katika kazi yake. Chini ya uso huo palikuwa mahali pa kuandika neno la siri, na neno lile hakuwahi kuambiwa.

"Mu yake muko nini?" aliuliza.

"Sifungue vitu vya batu, mama. Miye naona tu uzito. Vidéo, vidéo, picha. Vidéo mingi sana."

Jokébed alijua ni vidéo gani. Mipira. Nyimbo za wale wanawake wa Kinshasa wenye kutikisa viuno. Na za Eliane, bila shaka, kwa sababu hata alipokuwa bado analala Kimemi alikuwa akija usiku kufungua mashini peke yake, kisikilizio masikioni, na akimwona mke wake mlangoni alikuwa akiifunga.

"Uache yake," alisema. "Usilete kitu yake hata kimoja."

"Pengine umuulize kwanza. Hata simu moja tu."

"Miye nimuulize? Yeye aliniuliza?"

Christa aliingia katikati, kwa sauti ile ya kutuliza mtoto. "Mama mukubwa, basi tubakishe ile diski ya zamani mu kabati. Kuko vikasha banatiaka, inakuwa diski ya inje. Haitakula, haitalala."

"Kabati ni yangu. Sina kabati ya kuchungia mume wa mutu."

"Tena miye niko na desturi," Éliakim alisema. "Nikibeba diski ya zamani, inalala kwangu kwanza wiki moja ao mbili mbele niifute. Kwani batu banarudiaka, mama. Kila mara banarudia, mikono ku kichwa."

Wakati huo ndipo mtu angeweza kunyamaza. Fundi alikuwa amemfungulia mlango, Christa alikuwa amemfungulia mwingine. Lakini Jokébed alikuwa amemwona Gracien akicheka pale kwenye kioo, na katika masikio yake mchungaji alikuwa bado anaangalia viatu.

"Miye sitarudia," alisema. "Ile diski utaibeba, utanipunguzia bei. Lakini utaifuta hapa hapa. Futa mbele ya macho yangu."

Éliakim akamtazama Christa. Christa akatazama barabara.

Kazi ikachukua asubuhi yote. Kwanza fundi alihamisha, na mstari wa kijani ukatembea polepole kutoka upande mmoja hadi mwingine, huku wakiomba umeme usikatike. Kisha akageuza mashini tumbo juu, akafungua skurubu ndogo moja moja akiziweka ndani ya kifuniko cha Blue Band, akang'oa diski ya zamani, akaweka mpya. Alipoiwasha, picha ya mviringo ilikuwa moja tu. Ua. Mwisho akaunganisha ile ya zamani kwenye mashini yake mwenyewe, akamwonyesha mahali pa kubonyeza.

"Ni hapa?"

"Ni hapo. Ukibonyeza, ni basi."

Hakumwachia fundi. Alibonyeza mwenyewe kwa kidole chake, akanywa chai yake akitazama, na chai ilikuwa tamu.

Lazima isemwe pia: alifurahi. Kwa siku kadhaa alifurahi kweli. Mashini iliamka kabla hajashika ufagio. Wanafunzi walirudi. Asubuhi hakukuwa tena na meno ya mtu. Alimwambia mama wa mikate kwamba sasa ndipo ameachika vizuri.

*

Simu ya Gracien iliingia siku ya soko, wateja wakiwa wamejaa mpaka mlangoni. Jokébed alitoka nje, akasimama karibu na jenereta.

"Mama Abi."

"Unataka nini?"

"Ni juu ya mama yangu. Yuko mugonjwa, amelala kwa dada yangu hapo Butembo. Anakataa kula. Anaita tu Abi, Abi. Nikasema tumuonyeshe ile filme, asikie sauti ya mujukuu mbele aende. Naomba Christa aitie mu clé USB, mutu atapita kuibeba."

"Filme gani?"

"Ya kule ku kituo. Njo ile moja."

"Filme iko kwako. Ulienda nayo mu simu."

"Miye?" Gracien alishangaa kweli, Jokébed alimjua vya kutosha kulijua hilo. "Ile simu ilikuwa imejaa. Nilitia filme mu mashini wiki ile ile, nikafuta mu simu. Si nilikuwa naiangaliaka pale usiku? Iko mu session yangu, nitakupa code, nilingojeaka siku utaniomba. Unafikiri juu ya nini niliacha mashini? Nilisema, mama yake abaki naye."

Jenereta ilikuwa inanguruma. Jokébed alisikia vizuri sana kila neno.

"Mama Abi? Uko hapo?"

"Réseau ni mubaya, sikusikie," alisema, akakata.

Alibaki pale nje mpaka Christa akaja kumtafuta na karatasi mkononi. Hakulia. Alisema tu, "Piga Éliakim," na Christa alipomwona uso hakuuliza kitu.

Éliakim alikuja kwa miguu, haraka. Aliposikia, alikaa juu ya kiti cha wateja. Hakumkumbusha alichomwambia. Jokébed angependa amkumbushe. Angepata mtu wa kumkasirikia.

"Mama, sikiliza," alisema mwishowe. "Kile ulibonyeza, kilifuta juu juu. Ni kama kung'oa majina ku milango ya nyumba. Batu bangali ndani, mpaka bapangaji bapya baingie. Diski ikilala tu bila kutiwa kitu, naweza kuwatoa."

"Iko wapi?"

"Niliiuzisha Beni. Kwa Ananie, anatia batu miziki na filme mu simu."

Walimpigia Ananie. Simu ilikuwa imezimwa. Walimpigia tena baada ya kula, na tena jioni, na kila mara ile sauti ya mwanamke wa kampuni ya simu iliwajibu kwa Kifaransa cha adabu.

"Tuende," Jokébed alisema.

*

Waliondoka asubuhi na gari la Beni. Éliakim alipakata mashini yake magotini. Kwenye kizuizi askari aliomba vitambulisho, akarudisha, akatania kwa Kilingala, dereva akacheka. Jokébed hakusikia. Alikuwa anajaribu kukumbuka sauti ya Abi, na kila alipoikaribia ilikuwa sauti ya mtoto mwingine: ya mtoto wa jirani, ya Christa alipokuwa mdogo. Miaka yote hakujaribu, kwa kuwa aliamini sauti ipo mahali. Iko kwa adui, lakini ipo. Mtu hatunzi kichwani kitu anachojua kimetunzwa.

Ananie alikuwa na chumba chenye ukubwa wa choo karibu na soko, spika mbili mlangoni, na mdomo usiopumzika. Simu yake ilikuwa inachajiwa. Betri ilikufa, alisema, kama yeye mwenyewe kila Jumatatu baada ya pombe ya Jumapili. Éliakim alimweleza. Ananie akapiga makofi.

"Aah, mama! Ulifukuza bwana, ukaona haitoshe, ukafukuza na diski yake! Kumbe kule Butembo hamuchezake!"

"Ananie," Éliakim alisema, "uliitia vitu?"

"Nitaacha diski tupu miye? Kwani ni kanisa? Iko imejaa mpaka ku koo. Filme za Nigeria, mahubiri, mechi. Ijumaa njo nilimaliza kujaza."

Jokébed alikuwa amesimama na kitenge chake kimekazwa kiunoni kama mtu anayekwenda kulima. "Ni mutoto wangu yuko ndani," alisema. "Alisha kufa. Ni sauti yake."

Ananie alizima spika zote mbili. Aliwaambia vijana waliosubiri nyimbo waende warudi kesho, akaichomoa diski mahali pake, akampa Éliakim kwa mikono miwili.

Walikaa humo ndani siku nzima. Éliakim aliwasha programu yake ya kutafuta vilivyofutwa, na mstari ukaanza tena kutembea, safari hii ukiacha majina nyuma yake. Majina yalikuwa mengi. Aliyafungua moja baada ya jingine. Mengine yalikataa kufunguka, mengine yalifunguka yakawa meusi. Zilitokea picha ndogo ndogo, zile ambazo mashini hujitunzia yenyewe kama alama ya kila filme, kila moja kama ukucha wa kidole gumba. Magunia ya kakao. Mpira. Gari iliyokwama matopeni. Eliane akiwa na gauni la njano, na Jokébed hakusikia uchungu wowote, kana kwamba ni picha ya kalenda.

Kisha Éliakim akaondoa mkono wake juu ya mashini.

Alikuwa Abi. Nywele zimekatwa. Kiganja kimoja amekibandika kwenye plastiki, kimekuwa cheupe. Mdomo uko wazi, umefunguka kama mdomo wa mtu aliye katikati ya neno.

"Fungua," Jokébed alisema. "Fungua asikike."

"Hii ni picha ya inje tu, mama. Filme yenyewe ni hii hapa." Akabonyeza. Kioo kikawa cheusi, halafu kikapasuka rangi, halafu ikasikika sauti ya mhubiri mmoja anayepaza "Amina!" Éliakim akaifunga haraka. Akajaribu kwa njia nyingine. Akajaribu tena. "Mahali yake palishakaliwa," alisema polepole. "Jina tu ndilo lilibakia."

"Alikuwa anasema nini?" Ananie aliuliza kwa upole, akiiangalia ile picha.

Katika chumba kile hakukuwa na mtu aliyejua. Duniani aliyejua alikuwa mmoja, na nyumba yake haikuwa mbali.

*

Eliane ndiye aliyefungua lango, mtoto mgongoni. Alimtambua mara moja, akamwita kama mdogo anavyomwita dada mkubwa.

"Yaya. Karibu. Ingia."

Jokébed alikuwa amejiandalia maneno ya mwanamke huyu miaka mingi, makali, yaliyopangwa vizuri. Alisema tu asante ya Kinande, "Wasingya," akaingia.

Gracien alikuwa uani anageuza kwa reki kakao iliyoanikwa juu ya turubai. Alikuwa amekonda. Alipomwona alidhani ameleta clé, na uso wake ukafunguka. Akaweka reki chini, akajipangusa mikono kwenye suruali.

"Umekuja mwenyewe? Aki, Mama Abi, ungetuma tu."

"Nilifuta," Jokébed alisema.

"Ulifuta nini?"

"Nilibadilisha diski ya mashini. Fundi alisema vitu yako havitaingia, akaniomba nikuulize, nikakataa. Akaniomba nichunge ya zamani, nikakataa. Nilifuta kwa kidole changu. Filme haiko tena." Akatoa simu yake, akamwonyesha ile picha ndogo aliyowekewa na Éliakim. "Hii njo ilibakia."

Gracien aliichukua simu. Aliiangalia muda mrefu, akiisogeza karibu na macho, kisha mbali. Jokébed alisubiri. Alijua atasema nini. Alikwisha kusema mbele ya familia mbili kwamba mke ndiye aliyeua mtoto, na ulikuwa uongo. Sasa angeweza kulisema tena, na safari hii hakuna mtu angeweza kumwambia kwamba si kweli. Jokébed alikuwa amempa neno hilo yeye mwenyewe, kama sadaka.

Lakini hakusema. Alimrudishia simu, akakaa juu ya gunia, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Nilikuwa namuangaliaka kila usiku," alisema. "Weye ukija nafunga, kwani ulisema hutaki."

"Miye nilifikiri unaangalia bibi yako Eliane."

"Bibi gani? Wakati ule hakukuwa bibi."

Éliakim alibaki barabarani, kwa heshima. Eliane alileta kiti, akakiweka nyuma ya Jokébed bila kusema kitu, na Jokébed akakalia.

"Alisema nini?" aliuliza.

Gracien aliangalia kakao.

"Papa Abi. Miye nilikuwa nimefungiwa mu kiwanja. Weye njo ulimusikia. Alisema nini?"

"Alisema... mama asilie. Alisema atarudi dimanche, siku ya kanisa. Alisema batu ba kule banamupa biscuit. Akasema umuchungie viatu vyake vya shule, usipatie mutoto wa jirani."

Jokébed alisubiri. "Kisha?"

"Kisha akakusalimia."

"Kisha?"

"Njo vile."

"Ile filme ilikuwa murefu?"

"Murefu, ndiyo. Nilishika simu mpaka mukono ukachoka, nikabadilisha mukono ingine."

"Na hii yenye umesema, hata mukono mumoja hautachoka."

Eliane, aliyekuwa ameinama akiokota kakao zilizomwagika, aliinuka, akamkaza mtoto mgongoni, akaingia ndani na kufunga mlango. Na kwa jinsi alivyoondoka, Jokébed alielewa kwamba mwanamke huyu alikwishaambiwa. Eliane anajua yote aliyosema Abi. Yeye mama, hapana.

"Aliniuliza?" Sauti yake ilitoka ndogo. "Aliuliza juu ya nini mama hakuje?"

"Hapana," Gracien alisema upesi.

"Hapana ya kweli?"

"Nakuambia hapana."

Alimtazama. Huyu ndiye mwanaume aliyesema anakwenda Oicha kumbe anapanga nyumba Beni. Alikuwa na njia yake ya kusema uongo, Jokébed aliijua kama barabara ya kwao: alikuwa akijibu haraka na kushika shingo. Sasa alijibu haraka, lakini mikono ilikuwa juu ya magoti, imetulia. Huenda ilikuwa kweli. Huenda ilikuwa uongo wa huruma, na uongo wa huruma hakuwahi kuuona kwake, hakujua unafananaje. Kama filme ingekuwepo angeiwasha, na Abi mwenyewe angemwambia, hata kama ni neno la kumkata vipande. Angekatwa, lakini angejua.

"Anza tena," alisema. "Tangu mwanzo. Pole pole."

Gracien akavuta pumzi. "Nilifika, alikuwa amelala. Nikagonga plastiki. Akainuka, akaja, akatia mukono hivi." Akainua kiganja hewani. "Akasema, papa, mama iko wapi. Nikamuambia iko nyumbani, anakusalimia. Akasema, basi mwambie asilie, nitarudi samedi..."

"Ulisema dimanche."

Gracien akapangusa macho kwa mkono wenye vumbi la kakao.

"Dimanche," alisema. "Ao samedi. Mama Abi, ni miaka mingi. Miye pia nilijua iko mu mashini. Sikushika yote mu kichwa."

Jokébed aliangalia jua, akakadiria gari la mwisho la kurudi Butembo. Angelikosa. Hakuwa na mashini nyingine tena yenye Abi ndani, isipokuwa mwanaume huyu ambaye alikuwa ameapa hatamwamini hata akimwambia mvua inanyesha naye amelowa. Akavua kandambili, akasogeza kiti karibu, mpaka magoti yao yakakaribia kugusana.

"Samedi ao dimanche, uiache," alisema. "Rudia mahali aliuliza, mama iko wapi. Alisema kwa sauti ya namna gani?"